Unauza ajensi yako ndogo ya wahudumu wa nyumbani? Anza na simu yako

Kuna swali naulizwa sana na wenzangu wenye ajensi ndogo za wahudumu wa wagonjwa, zile za watu kumi na tano ama ishirini, unahudumia estate tatu nne hivi, wazee, watu wamepata kiharusi, mama ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Wanauliza, nikichoka nauza nini na nauzia nani? Mimi niliendesha yangu hapa Eastlands miaka tisa, Buruburu na Donholm sana sana, Umoja na Komarock kidogo, nikauza mwaka jana juu mamangu kule Murang'a alianza kuhitaji mtu wa kukaa naye na mtu huyo ilibidi niwe mimi. Ilichukua karibu mwaka mzima na nilipoteza wahudumu wanne njiani kwa kosa langu, kwa hivyo naandika venye nilifanya na venye ningefanya.

Elewa kitu kimoja, soko letu ni dogo sana. Nairobi ni kubwa lakini ukitoa ajensi za Westlands na Karen za watu wenye pesa, huku kwetu wanaofanya hii kazi kwa ukweli wanajuana, wahudumu wanajuana, manesi wa wadi wanajuana na familia zinaulizana kanisani. Ukisema kwa sauti "nauza" siku ya Jumatatu, Jumatano mhudumu wako mzuri ameshapigiwa simu na mtu mwingine. Kwa hivyo kila kitu nitakachosema hapa kina mpangilio wake, usiruke.

Toa biashara kwa simu yako

Jiulize leo ukipoteza simu, biashara inabaki? Yangu haingebaki. Rosta ilikuwa WhatsApp, namba ya binti anayelipa ilikuwa kwa simu, na mambo mengine yote yalikuwa kichwani. Mnunuzi hawezi kununua kichwa chako. Jioni moja ya Januari nilikaa mezani na daftari kubwa la jalada gumu nikaanza kuandika mteja mmoja mmoja. Shosho wa Phase 4 hataki mtu aguse kitambaa chake cha kichwa mpaka aombwe, ukimgusa bila kumwambia anakataa hata kula. Mzee wa Donholm dawa anameza na uji mzito, maji anapaliwa. Nyumba ile ya Komarock anayelipa ni binti ako Marekani lakini anayeamua ni kijana wa South C, na ukimpigia binti kabla ya kijana umeanzisha vita ya familia. Ni mhudumu gani hawezi kufanya na mwenzake, nani ako na mtoto mdogo usimpe zamu ya usiku, nani ukimwambia saa kumi na mbili anafika saa kumi na moja na nusu. Nilijaza kurasa sitini na moja na ilinichukua wiki tatu.

Halafu ondoka ujaribu. Nilimwachia supavaiza wangu simu ya kazi na hilo daftari nikaenda Murang'a siku kumi. Mara ya kwanza alinipigia mara tisa. Nikarudi, kila kitu alichonipigia juu yake tukakiandika. Mwezi wa tano nikaenda tena siku kumi, akanipigia mara mbili, na moja ilikuwa kunisalimia mamangu. Hapo ndio nilijua sasa niko na kitu cha kuuza.

Kuna kitu kingine watu wanadanganyika nacho, orodha ya wateja. Wateja wetu ni wazee na wagonjwa, wengine wanapona wanatuacha, wengine wanaaga. Kati ya wateja kumi na tano niliokuwa nao mwanzo wa mwaka mmoja, kufika Desemba walikuwa wamebaki saba, na biashara haikuwa imeanguka, wengine wanane walikuwa wameingia. Kwa hivyo mnunuzi mwenye akili atakuuliza hao wanane walitoka wapi. Rudi nyuma miaka miwili, andika kila mteja alikufikia kupitia nani. Mimi nilikuta fisiotherapisti mmoja peke yake ameniletea kumi na moja, manesi wa kuruhusu wagonjwa kwenda nyumbani wamenileta sita, waliobaki ni majirani na watoto wa wateja wa zamani. Hiyo karatasi moja ndio mnunuzi wangu aliishika muda mrefu kuliko hesabu zote. Na kama kuna mtu unampa asante kwa kila mgonjwa anayekuletea, sema, usifiche, itajulikana tu.

Pesa zako ziwe zinaonekana

Mwaka mmoja kabla ya kuuza, acha kulipwa kwa namba yako binafsi. Najua venye inakuwa, mteja wa kwanza alikutumia kwa simu ukazoea, sai stetimenti yako ya M-Pesa iko na malipo ya wateja, pesa ya chama, karo ya watoto na gesi. Mnunuzi akiona hiyo hawezi kutofautisha na hataki kukuamini kwa mdomo. Chukua Paybill ya biashara, kila shilingi ipite hapo, mishahara pia ilipwe kutoka akaunti ya biashara.

Na makato ya wafanyakazi. NSSF, SHIF (bima ya afya) ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024 na ni asilimia 2.75 ya mshahara, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kwa mhudumu na 1.5 kwako, shilingi 50 ya NITA (ya mafunzo ya kazi) kwa kila mtu kila mwezi, PAYE, ushuru wa mshahara, kwa anayefika kiwango. Mengi yanatakiwa kufika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wengi wetu tunasema "hawa ni vibarua tu" lakini Sheria ya Ajira ya 2007 haimwangalii mtu kwa jina ulilompa, kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikajumlika mwezi, anahesabiwa kama wa mshahara wa mwezi na haki zake zinakuja, likizo ya siku 21 kwa mwaka ikiwemo. Kama kuna mashimo, yazibe sai au yaandike wazi, juu mnunuzi akiyagundua mwenyewe atakata bei mara mbili ya deni lenyewe.

Sasa hesabu. Hapa ndio wenye ajensi wanaumia roho kwa hivyo nitaenda polepole. Tuseme uko na wateja kumi na tano wa mhudumu wa kulala, yaani anayekaa kwa mgonjwa, kila familia inalipa 45,000 kwa mwezi, mhudumu unampa 28,000. Zinaingia 675,000, mishahara 420,000, inabaki 255,000. Wengi wanasimama hapo, wanazidisha mara kumi na mbili wanasema biashara yangu inaleta milioni tatu kwa mwaka. Haileti. Mhudumu wa kulala anatakiwa ofu, tuseme siku nne kwa mwezi, na mtu wa kushikilia unamlipa 1,200 kwa siku, hiyo ni 72,000. Supavaiza 45,000. Sehemu yako ya NSSF na ushuru wa nyumba na NITA, kwa wahudumu kumi na tano na supavaiza, inafika kama 35,700. Ofisi 18,000. Nauli, simu, glavu, 22,000. Toa yote, unabaki na kama 62,300. Na hiyo bado haijakulipa wewe. Simu za usiku, kuhoji wahudumu, kubembeleza familia, ungeajiri meneja wa hizo kazi ungempa 40,000 na inabaki 22,300 tu.

Sasa angalia hiyo hesabu kwa macho ya wanunuzi tofauti. Mtu mwenye pesa zake anayetaka kuweka na kukaa mbali anaona 22,300 kwa mwezi, hawezi kukupa bei ya maana na ana haki. Mtu atakayekuja kufanya kazi yako mwenyewe anaona 62,300. Na supavaiza wako, ambaye tayari anafanya kazi yake na sasa ataongeza yako, anaona 62,300 pamoja na ile 45,000 yake, 107,300. Biashara ni ile ile. Mimi nilizunguka mwaka mzima natafuta mnunuzi nje na alikuwa amekaa meza ya pili.

Nani ananunua

Kwa soko kama letu wanunuzi ni wachache na unaweza kuwahesabu kwa vidole: ajensi nyingine, kliniki ama nyumba ya wazee inayotaka kuongeza huduma, nesi aliyestaafu na pesa zake za pensheni, mtu ako ng'ambo anatafutia dadake kazi, na mtu wako wa ndani. Broka wa biashara hawatakusaidia sana, dili zetu ni ndogo kwao.

Kwa ajensi nyingine kuwa makini sana, hapa ndio mimi nilianguka. Kulikuwa na ajensi kubwa kuliko yangu, sitaitaja, walikuja wazuri, tukanywa chai, wakaniambia wanataka kuona "nguvu ya timu". Nikawapa orodha ya wahudumu na majina na namba na miaka ya kazi. Wiki mbili kimya. Wiki ya tatu wahudumu wanne wakaniaga, wote wameongezwa 3,000, na ile ajensi ikaacha kushika simu zangu. Familia mbili ziliwafuata wahudumu wao, na siwalaumu, shosho akishazoea mkono wa mtu huwezi kumwambia azoee mwingine.

Kwa hivyo usitoe jina lolote kabla ya mkataba wa kutunza siri uliotiwa sahihi, wenye kifungu kwamba hatachukua mfanyakazi wako wala mteja wako kwa muda fulani hata dili ikivunjika. Na hata baada ya kusaini, mpe herufi: Mhudumu A, miaka mitano, cheti cha huduma ya nyumbani, cheti cha tabia njema cha mwaka huu. Mteja B, Donholm, kiharusi, analipa kwa wakati. Kwa wateja hii si busara tu, ni sheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya ya mtu kwenye data nyeti, na huwezi kumpa mtu mgeni daftari lenye ugonjwa wa Mzee bila msingi wa kisheria. Angalia pia kama umejisajili na Kamishna wa Data, mnunuzi wa maana atauliza.

Mkishakubaliana kwa mdomo tafuta wakili, na hapa njia zinaachana kulingana na venye ulisajili. Kama ni kampuni, unauza hisa. Kampuni inabaki ile ile, PIN ile ile, mikataba ya wahudumu haibadiliki, madeni ya zamani pia yanabaki ndani, ndio maana mnunuzi atachimba sana. Majina kwenye CR12, ile karatasi ya serikali inayoonyesha wenye kampuni, yanabadilishwa, kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya hisa, na wewe unalipa ushuru wa faida ya mauzo, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, zamani ilikuwa 5. Iweke kwa hesabu kabla hujakubali bei.

Kama ni jina la biashara tu kama mimi, hakuna hisa, unauza vitu, jina, Paybill inafunguliwa upya, leseni ya kaunti inachukuliwa upya. Na kuna Sheria ya Uhamisho wa Biashara, Sura ya 500, inataka tangazo litoke kwenye Kenya Gazette. Bila hilo tangazo mnunuzi anaweza kubebeshwa madeni yako, kwa hivyo wakili wake atalidai. Kuhusu kifungu cha wewe kutofungua ajensi nyingine, mnunuzi atataka na ni haki yake, lakini kiwe na eneo na muda unaoeleweka, miaka miwili ndani ya Eastlands ni sawa, miaka kumi Kenya nzima korti inaweza kukitupa.

Wahudumu ndio sehemu ngumu ya njia hii ya pili. Hakuna sheria Kenya inayowahamisha wenyewe kwenda kwa mwajiri mpya. Kwa upande wako kazi inaisha, na ikiisha hivyo kuna notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka. Mhudumu wa 28,000 mwenye miaka sita ni karibu 84,000. Zidisha kwa timu nzima uone bei yako inaenda wapi. Sisi tulikubaliana kwamba miaka ya kila mmoja inahamia kwa mnunuzi, kwa maandishi, mhudumu mwenyewe amekubali na kusaini, na bei ikashuka kutoka 1,300,000 hadi 1,100,000 kwa sababu hiyo. Naona ilikuwa haki kwa wote. Usijaribu kuwapitisha watu hapo kimya kimya, hawa ndio wamebeba wazee wa watu mgongoni miaka yote hii.

Siku ya kumwambia supavaiza

Nilimwita asubuhi kabla ya simu kuanza. Akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Madam, kwani kuna shida? Nimekosea mahali?"

"Hapana Sista, keti. Nataka kwenda kukaa na mamangu. Na nataka wewe uichukue hii kazi."

Akanyamaza, halafu akasema, "Madam, mimi sina milioni." Nikamwonyesha ile hesabu ya 107,300, tukaipitia mstari kwa mstari na kikokotoo chake mwenyewe. Alipata 400,000 kutoka SACCO yake na 700,000 iliyobaki tukaiandika 50,000 kwa mwezi, miezi kumi na minne. Ukiuza kwa mpango wa kulipwa pole pole, weka kwa mkataba nini kinafanyika akichelewa, mimi niliweka kwamba miezi miwili mfululizo bila malipo naruhusiwa kurudi kuangalia vitabu na kukaa naye tupange upya, na kwamba jina la biashara linahama kabisa akimaliza. Mwambie pia malipo ya mkopo wa SACCO ayatoe kwenye hesabu yake ya mwezi kabla hajasaini, usimwache agundue mbele.

Kuwaambia wengine, fanya siku moja. Tangazo la Gazette linatoka Ijumaa, kwa hivyo sisi tuliongea na wahudumu Jumamosi kabla ya hiyo wiki, ukumbi wa kanisa, chai na mandazi, wa mchana saa nne na wa usiku saa kumi, na walioshikilia wagonjwa tukaenda kwao nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo. Usiwaambie nusu leo nusu kesho. Swali lao lilikuwa moja tu, mshahara tarehe ngapi na nani anatuma, na Sista akajibu mwenyewe, mimi nikanyamaza makusudi. Jumapili na Jumatatu tukapigia familia, yeye akiongea kwanza. Walioko ng'ambo tuliwapigia usiku wao wakiwa nyumbani. Kila familia ikasaini karatasi kwamba imekubali habari za mgonjwa zibaki kwa mwenye biashara mpya. Tulipoteza mteja mmoja. Na yule fisiotherapisti nilikuwa nimeshampeleka Sista kwake mwezi mmoja mapema, tukala chakula cha mchana watatu.

Makabidhiano yenyewe, chagua mwisho wa mwezi. Invoisi zote hadi tarehe 30 ni zako na wewe ndio unadai, kuanzia tarehe 1 ni zake. Siku za likizo ambazo wahudumu hawajachukua zihesabiwe siku hiyo na uzilipe ama zitolewe kwa bei. Na zile dipositi za familia, pesa walizoweka kwako kama dhamana, hizo si zako na hazijawahi kuwa zako. Nilikuwa na 270,000 ya familia sita, nikaihamisha kwa akaunti mpya siku hiyo hiyo asubuhi, na stetimenti ikapigwa pini kwa mkataba.

Laini ya kazi ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho changu tangu mwaka wa kwanza, tukaenda dukani pamoja kuibadilisha iwe kwa jina lake. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa napatikana kwa namba yangu ya nyumbani kila Jumanne na Ijumaa saa mbili usiku, baada ya mama kulala, na tuliandika hivyo kwa mkataba, siku, saa na mwisho wake.